Sisi: Malkia mrembo wa Vienna aliyeogopa kunona hadi akaishi kwa juisi ya nyama

Kama ulicheki The Empress kwa Netflix ukamaliza episodi zote usiku mmoja, huyu dem unamjua. Ni yule msichana wa mashambani anayeolewa na Kaisari wa Austria halafu anajipata amefungiwa ikulu na mama mkwe mnoma. Wamempaka rangi poa sana: mapenzi, farasi, magauni ya kutisha. Lakini kuna kitu walikipitia juu juu, na ndicho kilichomla maisha yake yote. Kilo.

Jina lake kamili ni Elisabeth, ila nyumbani walimwita Sisi. Ndiyo, Sisi, kama sisi hapa. Mwanzo nilicheka. Kadiri nilivyozidi kusoma nikaacha kucheka.

Alizaliwa Munich mkesha wa Krismasi mwaka wa 1837. Familia yake ilikuwa ya damu ya kifalme, lakini si wale wa kukaa kwa kiti cha enzi. Babake, Max, alikuwa msee wa raha zake: farasi, muziki, safari, na kuhepa nyumbani. Watoi walilelewa pale Possenhofen kando ya ziwa, wakipanda milima, wakiogelea na kucheza na mbwa. Hakuna mtu alikuwa anamfunza Sisi vile malkia hukaa, kwa sababu hakuna mtu alimtarajia awe malkia.

Aliyepangiwa ni siste yake, Helene. Agosti 1853 mathe yao aliwabeba wote wawili hadi Bad Ischl, mji mdogo wa milimani Austria, ili Helene aposwe na binamu yao, Kaisari Franz Joseph, aliyekuwa anafikisha miaka 23. Kumbuka mamake Kaisari na mamake hao wasichana ni ndugu, kwa hivyo hii ilikuwa mipango ya ndani ya familia. Kijana akaingia, akamwangalia Helene, akamwangalia mtoto wa miaka 15 aliyekuja kusindikiza, na mambo yakaisha hapo. Siku chache baadaye Sisi alikuwa mchumba wa mtawala wa mojawapo ya himaya kubwa Ulaya. Aprili 1854 wakafunga ndoa Vienna. Alikuwa na miaka 16. Hapa kwetu angekuwa anahangaika na hesabu za kidato cha pili.

Ndani ya ikulu

Mama mkwe, Sophie, ambaye pia ni shangazi yake mkubwa upande wa mama, ndiye aliyekuwa akiendesha ile nyumba. Kula kwa ratiba, kuvaa kwa ratiba, kusalimia watu kwa ratiba. Sisi alipopata mtoto wa kwanza mwaka wa 1855, msichana, akapewa jina la nyanyake, Sophie, na nyanya akamchukua akamlea upande wake. Wa pili, Gisela, vilevile. Mama mzazi alikuwa akienda kuwaona wanawe kama mgeni.

Mwaka wa 1857 Sisi akakaza shingo, akasema wasichana wataandamana naye na mumewe safari ya Hungary. Huko wote wawili wakashikwa na homa na kuhara. Gisela akapona. Sophie mdogo akafa, akiwa na miaka miwili. Unaweza kufikiria lawama zilizokuwa zinamngoja akirudi Vienna, na zile alizokuwa anajirundikia mwenyewe.

Mwaka uliofuata akazaa mrithi, kijana aliyeitwa Rudolf. Huyo tutamrudia, kwa sababu stori yake inafika hadi Kenya, na sifanyi mzaha.

Ni baada ya hapo ndipo mambo ya mwili yakashika kasi. Watoto watatu kwa miaka minne, mmoja kaburini, wawili waliobaki mikononi mwa mama mkwe, mume yuko vitani Italia mwaka wa 1859 na anapigwa vibaya. Sisi hakuwa na sauti juu ya chochote: si watoto, si nyumba, si siasa. Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa chake na hakuna mtu angeweza kukiamrisha, nacho ni kile kinachoingia mdomoni. Akaanza kujinyima. Akaanza kukohoa na kudhoofika, na mwaka wa 1860 akahepa Vienna kabisa, akaenda kukaa kisiwa cha Madeira miezi kadhaa. Ikulu ikasema anatafuta afya.

Kilo 50, hapo tu

Sisi alikuwa na urefu wa sentimita 172, mrefu kwa wanawake wa siku zake na hata wa sai. Kwa huo urefu aliamua kilo zisipite 50, na mara nyingi zilishuka chini ya hapo. Alipanda mizani kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja, na nambari zinaandikwa. Nambari ikipanda, siku hiyo msosi umekatwa.

Kiuno chake kilikuwa sentimita 50 hivi. Chukua zile rula mbili za shule za sentimita 30, uziunge. Zimezidi. Sasa zungusha hiyo kwa mtu mzima aliyezaa.

Kiuno hicho hakikuja hivi hivi. Kulikuwa na korseti, lile vazi gumu la kubana tumbo linalofungwa kwa kamba mgongoni, na zake zilikuwa kali kuliko za wengine, nyingine za ngozi kutoka Paris. Kuzikaza kungeweza kuchukua hadi saa nzima. Akaacha hata kuvaa sketi za ndani walizovaa wanawake wote wa hadhi yake, kisa zinaongeza unene, na nguo zake za kupanda farasi alishonewa akiwa amezivaa, asubuhi kwa asubuhi, ndio zisiache hata kikunjo. Usiku alilala na vitambaa vibichi vimezungushwa kiunoni, na kwa uso akapaka stroberi zilizopondwa au akajifunika vipande vya nyama mbichi ya ndama. Wasee wa skincare, mmepitwa zamani.

Na jimu. Huyu mama alijiwekea jimu ndani ya ikulu ya Hofburg, kwa chumba chake cha kuvalia, wakati ambapo mwanamke wa tabaka lake kutoka jasho ilikuwa aibu. Ringi za kuning'inia, ngazi za ukutani, vyuma. Bado ziko pale, watalii wanalipa kuziona. Watu wa ikulu walimwona kama amechanganyikiwa. Mimi nikiangalia upande huo namvulia kofia, sababu alikuwa mbele ya wenzake kwa karibu miaka mia. Alipanda farasi kama mwanamume, na miaka ya 1870 alienda Uingereza na Ireland kuwinda kwa farasi na kuwaacha vumbini wanaume waliojidai. Mwili ulipoanza kukataa farasi akageukia kutembea, saa baada ya saa, kwa mwendo ambao wanawake waliomhudumia walibaki nyuma wakihema.

Shida ni kwamba nyuma ya mazoezi hayo yote hakukuwa na chakula. Siku zingine ni maziwa tu. Zingine ni machungwa tu. Ama mayai. Ama ile kitu iliyonifanya nifunge laptopu kidogo: nyama mbichi inakamuliwa kwa mashine hadi itoe maji, ndiyo anakunywa. Mashine yenyewe pia iko kwa maonyesho Vienna. Na usidhani hakupenda kula. Alipenda aiskrimu na vitu vitamu vibaya sana, na kuna siku alivila. Baadaye anajilipisha.

Tufanye ile hesabu ya kliniki. Kilo 50 kwa urefu wa mita 1.72 inakupa BMI ya 16.9. Siku hizi ukiwa chini ya 18.5 daktari anaanza kukuuliza maswali. Ajabu ni kwamba hiyo fomula ilikuwa tayari iko. Mbelgiji mmoja wa hesabu, Adolphe Quetelet, aliitoa miaka ya 1830, kabla Sisi azaliwe, ila alikuwa anatafuta mtu wa wastani ni yupi kwa takwimu. Hakuna mtu aliitumia kumwambia mwingine ni mnene au amekonda. Hata jina la BMI lilikuja mwaka wa 1972.

Na ugonjwa wa kujinyima chakula ulipewa jina lake la kidaktari, anoreksia, London mwaka wa 1873, Sisi akiwa na miaka 35 na tayari amezoea njaa miaka na miaka. Waandishi wengi wa maisha yake wa siku hizi wanaona alikuwa nao. Madaktari wake wa wakati huo walimwambia apumzike, abadilishe hewa, aende baharini. Miaka ya 1890 miguu ikaanza kumvimba, ile kuvimba ya mwili uliokosa lishe, ndani ya nyumba iliyokuwa na wapishi wa kulisha kijiji.

Urembo wa nani?

Hapa ndipo stori hunichanganya. Sisi hakuwa anafuata fasheni. Vienna ya wakati wake ilipenda mwanamke mwenye mwili: mabega ya mviringo, mikono iliyojaa, shavu. Kukonda kulinuka kifua kikuu, na kifua kikuu kilikuwa kinamaliza watu Ulaya nzima. Mama mkwe alimtaka ale ndio azae. Mume alimbembeleza ale. Hata mwanamke ambaye Sisi mwenyewe alimtafutia mumewe wa kumpigia stori, mwigizaji Katharina Schratt, alikuwa mtu wa mwili wake, anapenda kula na kucheka. Ndiyo, umesoma vizuri, alimtafutia. Mwaka wa 1886 alimchoresha picha Schratt akampa Kaisari kama zawadi, kisha yeye akaendelea na safari zake. Hiyo ni episodi yake peke yake.

Kwa hivyo watu walimsifu kwa uzuri wake, na papo hapo wakalalamika anakonda sana. Unajua hiyo kitu. Kwetu ukienda ocha ukiwa umepungua kidogo, shangazi anakushika mkono anauliza kama unaumwa. Miaka ya themanini na tisini kukonda kulimaanisha jambo moja tu kwa macho ya watu. Waganda waliuita Ukimwi Slim, na hapa mtu aliyepoteza kilo alisengenywa hadi kanisani. Kitambi cha mzee kilikuwa ni ushahidi kwamba ameomoka. Sasa hivi watoto wa shangazi huyohuyo wanatafuta chai ya kupunguza tumbo na sindano za kukata hamu ya kula, na huku kwa simu wanataka umbo namba nane, kiuno kidogo na nyuma kubwa. Kiuno cha Sisi, makalio ya mtu mwingine. Sijui nani anaweza kushinda huo mchezo.

Yeye aliucheza hadi kwa wanawe. Alichukia unene hadharani, na woga huo akamrithisha kitinda mimba wake, Marie Valerie, aliyezaliwa mwaka wa 1868 na ambaye angalau huyo alimlea mwenyewe. Mtoto alipokutana mara ya kwanza na Malkia Victoria wa Uingereza, mama mfupi mwenye mwili tele, aliingiwa na hofu. Mtoi mdogo anaogopa mwili wa mtu. Hakuzaliwa na hiyo.

Nywele, picha na feni

Kulikuwa pia na nywele. Zilifika karibu na vifundo vya miguu. Kuzisuka ilikuwa saa mbili hadi tatu kila siku, na kuziosha, kwa mayai na konyaki, ilikula siku nzima ambayo hakuna mtu angemwona. Zilikuwa nzito hadi zikampa maumivu ya kichwa, basi wakati mwingine aliketi zikiwa zimeinuliwa juu kwa kamba. Msusi wake, Fanny Feifalik, alitolewa kwa ukumbi wa maigizo na akalipwa vizuri kupita kiasi. Kazi yake nyingine ilikuwa kuficha nywele zilizong'oka chini ya aproni, kwa sababu bosi akiziona zimedondoka siku imeharibika. Kuna wakati Fanny alivaa kama malkia na kupungia umati mkono badala yake.

Lakini hizo saa hakuzitupa. Akiwa amekaa pale alikuwa na mwalimu kando, akajifunza Kihungari hadi akakiongea vizuri, na baadaye Kigiriki. Wahungari walimpenda kufa, na alipotawazwa malkia wao mwaka wa 1867, mchango wake wa kuwapatanisha na Vienna ulikuwa mkubwa. Hii ndiyo sehemu hunikera kwa stori zake nyingi: alikuwa na kichwa, aliandika mashairi mengi, aliwasoma wanafalsafa, ila kinachokumbukwa ni kiuno.

Ile picha maarufu, ya gauni jeupe na nyota za almasi nywelani, ilichorwa na Winterhalter mwaka wa 1865 akiwa na miaka 27. Alikuwa pia na albamu za picha za warembo, na aliwatuma mabalozi wa Austria wamtafutie picha za wanawake wazuri wa miji waliyokuwa, hadi Istanbul. Alikuwa anajilinganisha, au anawapenda kuwaangalia tu, uamuzi ni wako. Kitu tunachojua ni kwamba alipofika miaka thelathini na kidogo alikataa kupigwa picha tena. Kwa miaka karibu thelathini iliyobaki, alitembea na feni, mwavuli na vazi la kufunika uso. Akiona kamera, feni juu. Hakuna filta kubwa kuliko hiyo.

Ziwa letu

Mwezi wa Machi 1888, Mhungari mmoja aitwaye Samuel Teleki, jamaa mnene kwelikweli ambaye hiyo safari ilimkondesha bila daieti, alifika kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Kenya akaona ziwa kubwa la rangi ya kijani. Waturkana na Waelmolo waliokuwa wakivua hapo walikuwa na majina yao, lakini yeye akaliita Rudolf, jina la rafiki yake mtoto wa Kaisari. Mtoto wa Sisi. Liliitwa hivyo hadi mwaka wa 1975 lilipopewa jina la Turkana. Kwa hivyo nyanyako alipokuwa akisoma jiografia, alichora ziwa la mtoto wa huyu mama kwa daftari.

Mwaka huohuo wa 1888 Sisi, akiwa na miaka 50, alichorwa tatuu ya nanga begani. Mume hakuamini macho yake.

Miezi michache baadaye, Januari 1889, Rudolf alipatikana amekufa kwa nyumba ya uwindaji pale Mayerling, kando ya msichana wa miaka 17, Mary Vetsera. Tangu hapo Sisi alivaa nyeusi karibu siku zote, na hakutulia tena mahali pamoja. Meli, treni, hoteli, majina ya uongo. Mizani ilisafiri naye.

Septemba 1898 alikuwa Geneva kwa jina la Countess wa Hohenembs, lakini gazeti likaanika kwamba yuko mjini. Luigi Lucheni, Mwitaliano aliyekuwa amekuja kuua mwana wa mfalme mwingine ambaye hakutokea, akaamua huyu atatosha. Mchana wa tarehe 10 Sisi alikuwa akitembea kutoka hotelini kwenda kupanda meli, na mwanamke mmoja tu wa kumsindikiza. Lucheni akamgonga kifuani kana kwamba amejikwaa. Mkononi alikuwa na tupa, ile ya fundi, ameinoa ikawa kama sindano.

Sisi alianguka, akainuliwa, akawashukuru watu, akarekebisha nywele. Akatembea hatua zaidi ya mia hadi kwenye meli. Alidhani jamaa alitaka kumwibia saa. Korseti ilikuwa imebana sana hivi kwamba damu ilitoka kidogo kidogo tu, na yeye mwenyewe hakujua kwamba moyo umetobolewa. Meli ikang'oa nanga ndipo akazirai. Wakakata kamba za korseti ili apumue, wakaona doa dogo kwenye nguo ya ndani. Meli ikarudi. Muda mfupi baadaye, hotelini, akakata roho, miaka 60.

Alizikwa Vienna, kanisa la Wakapuchini, ambako sasa amelazwa na Rudolf upande mmoja na Franz Joseph katikati. Maduka ya huo mji leo yamejaa sura yake: sumaku za friji, vikombe, mifuko. Picha ni ile ya Winterhalter, nyota nywelani, miaka 27. Iko pia kwenye maboksi ya chokoleti.